Bembea ya Upepo ya Mzee Andrea

Mbagala, Dar es Salaam
3 Novemba 2024

Dada Agripina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mwanao Raheli na wajukuu huko Ilongero nao wazima. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku hatujambo. Mke wangu Emiliana anakusalimia. Agnes amemaliza mtihani wa darasa la nne na anamsalimia shangazi yake. Joto ndilo linatusumbua, lakini kwa fundi majokofu joto ni riziki, kwa hiyo silalamiki sana.

Baada ya salamu, nina hasira na wewe.

Nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani kwa sababu umenibloki. Nimejaribu namba yangu, namba ya Emiliana, mpaka namba ya fundi mwenzangu. Ukisikia sauti yangu tu unakata. Sasa barua hii nampa Gasto, kondakta wa basi la Kahama. Anasema basi lao halisimami tena pale kwetu, ila atakurushia dirishani ikiwa ndani ya chupa ya maji. Ndiyo maana imekufikia imekunjamana.

Huyo Gasto ndiye aliyenipa habari, wakati wewe dada yangu wa tumbo moja umenyamaza. Amesema kibao cha barabarani kimeng'olewa, mlangoni umejaza miiba kama zizi, na viti vya bembea umevipanga ukutani, kuku wanalala juu yake. "Melkiori," kaniambia, "kwenu pamefungwa." Siku ile sikula.

Dada, ulimwuliza nani? Baba alipofariki mwaka juzi tuliacha bembea imesimama. Mimi nikifumba macho hapa Mbagala naiona yote. Naiona ile nguzo ya chuma Baba aliyoitoa kwenye pampu ya zamani ya maji, na ekseli ya lori chini yake, na ile mikono sita ya mti, kila mmoja na kiti chake na rangi yake. Juu yake maturubai ya kukamata upepo. Haikuwa na injini wala umeme. Upepo wa Singida ulikuwa unakuja wenyewe, Baba anapuliza filimbi, sisi tunaruka.

Kiti changu kilikuwa cha kijani. Na Krismasi ndiyo usiseme! Watoto wanakuja kutoka Kiomboi na nguo mpya, wengine kutoka Mandewa wamejazana kwenye pikapu. Sikukuu ya Idd watoto wa wenye maduka wa mjini wanakuja na hina mikononi. Mabasi yanasimama, abiria wananunua kuku wa kuchoma, na wao wanapanda, watu wazima na tai zao! Tulikuwa tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Kila mtu wa Singida wa umri wangu anaijua bembea ya Mzee Andrea.

Kwa hiyo sikuombi, nakuambia. Nimeshatangaza kwenye Fesibuku kwamba Bembea ya Upepo inarudi Krismasi hii. Watu wamefurahi mno, wengine wameandika kwamba wamelia. Toa hiyo miiba, upake viti rangi. Mimi na familia tunakuja tarehe ishirini Desemba.

Mdogo wako,
Melkiori


Nyumbani, kabla ya njia panda ya Kiomboi
17 Novemba 2024

Mdogo wangu Melkiori,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua imeanza kutuonjesha, ng'ombe wana afya, goti ni lile lile. Mpe Agnes hongera. Emiliana mwambie nampenda, sina ugomvi naye.

Ugomvi ninao na wewe. Kwanza, chupa ya Gasto imempiga jogoo wangu na sasa anachechemea. Pili, umenitia wazimu hapa nyumbani.

Jumamosi ya wiki iliyopita imeingia gari kutoka Mandewa. Wameshuka baba, mama na watoto, wamevaa za kutokea. Mimi niko chini napepeta alizeti, kanga kiunoni, vumbi mpaka kwenye kope. Yule baba ananiuliza, "Mama, bembea inaanza saa ngapi?" Nikamwambia bembea imekufa. Akanitolea simu, akanionyesha picha yako ya utotoni umekaa kwenye kiti cha kijani, meno ya mbele huna, na chini umeandika "Karibuni nyumbani." Nyumbani kwa nani, Melkiori? Mtoto wao akaanza kulia. Nikampa karanga. Kesho yake wakaja wengine. Kesho kutwa yake akaja mmoja, akanipiga picha bila kuniomba, akasema eti mimi ni sehemu ya historia. Nilimfukuza na ungo mkononi.

Unauliza nilimwuliza nani. Nilimwuliza Baba, na yeye alikuwa ameshajibu kabla ya kufa. Tangu mabasi yaanze kukimbizana na saa, hakuna linalosimama hapa. Baba alikuwa anakaa pale nje na filimbi mfukoni. Akisikia honi anasimama, anajinyoosha shati. Basi linapita. Anakaa. Linakuja jingine, anasimama. Mwaka wake wa mwisho hakumpandisha mtoto hata mmoja. Wewe ulikuwa Mbagala umefumba macho unaona viti vya rangi. Mimi nilikuwa hapa macho wazi namwona yeye.

Sasa nikuambie mpango wangu, usije ukausikia kwa Gasto. Mimi na wanawake wenzangu wa kikundi tumepata mashine ya kukamua alizeti. Wakulima wa huku wanabeba magunia mpaka mjini, wanalala foleni huko, wanarudi na mafuta nusu na maneno mengi. Mashine iko mjini stoo, inasubiri mahali pa kukaa. Inataka zege imara karibu na nguzo ya umeme, na zege la namna hiyo hapa kwetu liko sehemu moja tu, chini ya bembea. Kwa hiyo bembea inashuka. Nataka mashine iwe imefungwa kabla ya mavuno. Mimi ni mjane, nimerudi kwenye kiwanja cha baba yangu, nimemwuguza mpaka nimemfunga macho. Nataka kufanya kazi yangu mwenyewe kabla sijazeeka.

Jambo la mwisho. Umeandika "tulikuwa tunapiga kelele". Wewe na nani? Mimi hiyo bembea sijawahi kuipanda. Hata mara moja.

Futa hayo matangazo yako.

Dada yako,
Agripina


Mbagala
24 Novemba 2024

Dada Agripina,

Shikamoo. Hujambo? Sisi wazima. Pole ya jogoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya ngazi kwa mteja, nikashuka nikaacha kazi. Unanifanya mimi mjinga? Mtu azaliwe chini ya bembea, alale hatua chache kutoka kwenye bembea, aolewe akiwa anaiona dirishani, halafu aseme hajaipanda? Mimi nakukumbuka vizuri. Ulikuwa unapita na sinia la kuku, umekunja uso, umejiona mkubwa. Tulikuwa tunakuita, "Dada, njoo!" Hugeuzi hata shingo. Hukutaka mwenyewe. Leo unataka kumpaka matope Baba ambaye hayupo kujitetea. Na kama kuna mtoto aliyedekezwa na Baba, ni wewe! Mimi nilichapwa mpaka nikajua ladha ya kila mti ulioko pale nyumbani. Wewe aliwahi kukugusa?

Halafu mashine! Jasho la mzee wetu liondolewe, pakae mashine ya kunguruma na mashudu ya kunuka. Mbona hukutafuta mahali pengine? Zege linachanganywa, Dada, saruji inauzwa.

Tangazo sifuti. Watu mia kadhaa wameshasema wanakuja. Nimempigia simu Baba Mdogo Mughwai, maana yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Amekasirika kuliko mimi. Ameitisha kikao Jumamosi ya tarehe kumi na nne Desemba, na mimi nakuja mapema kwa ajili hiyo. Utakayoniandikia utayasema pale, mbele ya wazee.

Mdogo wako,
Melkiori


Nyumbani
2 Desemba 2024

Melkiori,

Marahaba. Wote wazima hapa.

Kabla hujanipeleka kwa wazee, soma hii, na usiisome ukiwa juu ya ngazi.

Unasema nilidekezwa. Wewe unajua vizuri kwamba Baba alinipa jina la mama yake mzazi. Tangu nikiwa mchanga hakuniita Agripina, aliniita Mama. Hakunichapa, ni kweli. Nani anamchapa mama yake? Nikivunja chungu alikuwa ananibembeleza, "Mama, tafadhali, uwe mwangalifu." Wageni wakija ananitanguliza, "Msalimieni mama yangu." Wewe ulikuwa unanuna kwa wivu. Hukujua ninalipia nini.

Siku bembea ilipomalizika ilikuwa Pasaka. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Nilioga, nikavaa gauni la njano, nikaenda kukaa kwenye kiti cha bluu kabla ya mtoto mwingine yeyote. Baba akaja mbio. Akaninyanyua, akanishusha chini taratibu, halafu akapiga goti mbele ya watu wote akasema, "Mama, nisamehe. Utarushwaje juu nguo inapepea, watu wanakutazama? Watasema Andrea anamfanya mama yake mchezo." Watu wakampigia makofi. Wakasema huyu kweli ana heshima. Kiti changu akapewa mtoto wa dereva.

Nikaenda nyuma ya nyumba kunyonyoa kuku, maana mama ndiye anayelisha wageni. Nimenyonyoa kuku tangu siku ile mpaka nilipoolewa. Ulikuwa unaniita njoo, ndiyo, nilikuwa nakusikia! Uso niliukunja kwa sababu ningeuacha ningelia mbele za watu, na mama halii mbele za watu.

Baba alinipenda, sikatai. Alinipenda kwa namna iliyoninyima utoto, na hakuna mtu wa kumlalamikia, kwa sababu kila nikitaka kusema wananiambia nina bahati. Sasa wewe unaniletea picha za furaha yako niipake rangi. Hiyo furaha nimeipika mimi, Melkiori. Nimeichoma, nimeipakua, nimeiosha sahani.

Sitaki kikao. Tuyamalize sisi wawili. Nakuomba kama dada yako, na sijakuomba kitu tangu uzaliwe.

Agripina


Ilongero
16 Desemba 2024

Melkiori,

Salamu sina.

Umeshinda, kwa hiyo nakukabidhi. Nimehamia kwa Raheli. Funguo za nyumba ziko kwa jirani, Mama Sijaona. Miiba nimeitoa mlangoni kwa mikono yangu. Ng'ombe nimeondoka nao, jogoo pia.

Nataka niandike kilichosemwa kwenye kikao ili usije ukasahau, maana wewe ni fundi wa kukumbuka mazuri. Nilisimama nikaeleza habari ya mashine. Wazee walisikiliza vizuri tu. Halafu Baba Mdogo Mughwai akacheka, akasema, "Huyu anayegombana hapa ni nani? Ni Agripina, mama yetu. Kwa jina ni bibi wa Melkiori. Tangu lini bibi akagombea kiwanja na mjukuu wake? Bibi anatunzwa, anakaa jikoni, anakula. Kiwanja ni cha mtoto wa kiume." Wote wakacheka, wakapiga makofi. Makofi yale yale.

Nilikutazama. Barua yangu ya tarehe mbili Desemba ulikuwa umeisoma, niliiona imekunjwa kwenye mfuko wako wa shati. Wewe peke yako ulijua ninachofanyiwa. Ulikaa unatazama viatu vyako. Walipokuuliza una la kusema, ukasema, "Nakubaliana na wazee."

Basi zungusha.

Bibi yako, kama mlivyoamua


Nyumbani
27 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Nampa kijana wa bodaboda barua hii akuletee Ilongero leo hii. Sisi wazima, ila mimi moyoni si mzima.

Umefanya nini kwenye bembea?

Nimefika hapa nikapaka viti rangi, vyote sita. Nimefungua bearingi zote, nimeziosha, nimejaza grisi mpya. Nimenunua maturubai. Mimi ni fundi, nikisukuma kwa mkono inazunguka laini kabisa. Siku ya Krismasi wamekuja watu ambao idadi yao sijawahi kuiona hapa kwetu. Magari yamejaa mpaka ng'ambo ya lami. Wengine wametoka Arusha na watoto wao. Nikapuliza filimbi ya Baba.

Haikuzunguka. Maturubai yalining'inia kama nguo zilizoloa. Tukangoja. Watu wakatabasamu, wakasema upepo utakuja. Saa sita, saa nane, hakuna hata jani lililotikisika. Watoto wamekaa kwenye viti wanatoka jasho. Agnes akashuka akasema, "Baba, ndiyo hii?" Nikawaomba vijana wasukume kutoka nje, mmoja akagongwa na kiti mdomoni, ikawa aibu tupu. Kuku Emiliana ameunguza nje, ndani wana damu, yeye ni mtu wa Kilosa hajui kuku wetu. Na kila anayefika kitu cha kwanza ananiuliza, "Mama Raheli yuko wapi?" Mia nzima wameuliza. Mpaka mchana nikaanza kujibu kwa ukali.

Krismasi zote za utoto wangu ilizunguka. Hakuna hata moja iliyogoma! Nilikuwa natoka shule ya seminari namwambia kila mtu njiani, na nikifika inazunguka. Sasa leo imekufa siku ambayo wewe hupo. Baba Mdogo anasema waziwazi kwamba umeifunga kwa dawa kabla ya kuondoka. Mimi siamini mambo hayo, lakini kuna kitu umekilegeza au umekitoa, na unajua ni kipi. Niambie. Au njoo ukirudishe mwenyewe, mwaka mpya tufungue tena. Na kama unacholilia miaka yote hii ni kupanda, nitakupandisha wewe wa kwanza, kiti cha bluu, mbele ya watu wote. Utaridhika?

Mdogo wako,
Melkiori


Ilongero
2 Januari 2025

Melkiori,

Marahaba. Nimeufunga mwaka nikiwa mzima, nimeufungua nikiwa mzima, ila barua yako imenikata maini. Mimi ni mchawi sasa. Baba yako mdogo aliyekula kuku wangu miaka yote ananiita mchawi, na wewe unaandika "siamini, lakini". Hiyo "lakini" yako ndiyo imeniuma.

Nikupe dawa niliyotumia? Chukua, uwasomee na wao.

Desemba hakuna upepo. Upepo wetu ni wa Juni mpaka Oktoba, mvua zikishika unalala. Hilo linajulikana na kila mkulima wa hapa, ila wewe ulikuwa mtoto, na mtoto kitu kikizunguka haulizi. Tangu uende seminari ulikuwa unakuja Krismasi tu. Unakumbuka lile turubai la bluu Baba alilokuwa analizungushia nguzo siku za sikukuu, kutoka juu mpaka chini? Mlidhani ni pambo. Ndani yake nilikuwa mimi.

Kulikuwa na mti umefungwa kwenye ekseli, usawa wa kifua changu. Nikishachoma kuku alfajiri, nilikuwa nausukuma nikitembea duara, asubuhi mpaka jioni, nikitoka kunywa maji kidogo tu abiria wanapobadilishana. Chini kuna zege, unazijua kingo zake. Hilo goti mnaloliulizia kwenye salamu ndipo lilipoumia. Nje Baba anapuliza filimbi, anasema, "Upepo huo!" Nanyi mnapiga kelele, "Ongeza! Ongeza!" Sauti yako nilikuwa naitambua kati ya zote. Nami naongeza.

Turubai lilikuwa la heshima. Baba hakutaka watu wamwone mama yake anasukuma. Jioni alikuwa ananiletea maji ya moto ya kuoga kwa mikono yake, ananiita Mama, ananishukuru. Kama angenichapa ningejua pa kumchukia.

Kwa hiyo sikulegeza kitu. Kilichotoka kwenye bembea ni mimi.

Na sasa unataka kunipandisha. Umeninyang'anya kiwanja, halafu unanipa zamu kwenye kiti cha bluu, niridhike! Nina miaka hamsini na nne, Melkiori. Yule mtoto wa gauni la njano hayupo tena wa kupandishwa, na mimi niliyepo sitaki kuzungushwa na mtu. Nataka pale penye zege. Mashine bado iko stoo, na wanawake wenzangu wananiuliza kila wiki. Na sitaki unipe chini chini kwa kunihurumia. Mlisema mbele ya watu kwamba si pangu. Kama kuna la kusema, likasemwe pale pale, na wewe usitazame viatu.

Usiponijibu sitakuandikia tena.

Agripina


Nyumbani
9 Februari 2025

Dada yangu Agripina,

Shikamoo. Natumaini wewe, Raheli na watoto hamjambo. Emiliana na Agnes walisharudi Dar, shule zimefunguliwa. Mimi nimebaki. Wateja wangu wananitafuta, nyama inaoza kwenye majokofu yao, wanisamehe.

Sikujibu upesi kwa sababu hasira zilinishika nikashindwa kuzishusha. Kwanza nilikasirika na wewe. Ungeweza kuniachia hata Krismasi moja. Sasa nikifumba macho siioni bembea, nasikia miguu yako ndani ya turubai, na mimi juu nasema ongeza. Sina tena kumbukumbu hata moja nzima. Sikushukuru kwa hilo. Halafu nikakasirika na Baba, nikaenda mpaka kaburini nikamsemea maneno ambayo mtoto hasemi. Nikarudi na hasira zangu.

Jana Jumamosi nimewaita wote. Baba Mdogo Mughwai, wazee wale wale, na majirani waliopiga makofi. Wamekuja wakidhani nataka mchango wa kununua injini ya bembea. Nikasimama. Nimewasomea barua yako ya tarehe mbili yote, mpaka pale penye uchawi, na pale nikamtazama Baba Mdogo usoni. Wanawake waliokuwa nyuma walianza kulia kabla sijamaliza. Mama Sijaona akasema kwa sauti, "Sisi tulikuwa tunaona miguu yake chini ya turubai. Tulikuwa tunaona, tukanyamaza." Baba Mdogo akaniambia nikae, kwamba namvua nguo marehemu, na kwamba bibi yangu haombewi kiwanja.

Nikamwambia, "Agripina si bibi yangu. Bibi yangu alizikwa kabla sijazaliwa. Huyu ni dada yangu, ni mtoto wa Andrea kama mimi. Kiwanja cha Andrea nusu ni chake, na kwenye nusu yake ndipo penye zege."

Akainuka, akachukua fimbo yake, akaondoka. Wawili wakamfuata. Wengine walibaki, na wakasema wamesikia. Sijui kama Baba Mdogo atanisamehe, na sina haraka ya kujua.

Walipotawanyika nikachukua spana. Viti nimevitoa, mikono nimeishusha, na leo asubuhi vijana wamenisaidia kung'oa nguzo. Mmoja amepiga picha, tayari iko Fesibuku, na watu wananitukana. Kuna aliyeandika kwamba nimeua utoto wake. Nilitaka kumjibu, nikaacha, utoto wake ulikuwa mgongoni kwako na hajui. Nguzo ilipolala chini nililia kwa sauti mbele ya wale vijana. Niliipenda, Dada. Nimeing'oa kwa sababu ni haki yako. Kufurahi sijafurahi.

Zege liko imara, nimelipiga maji na kulisugua grisi yote. Shimo la nguzo nimelijaza. Kesho naenda mjini kukodi lori la kubeba mashine, lakini sitaishusha mpaka uwepo wewe, useme ielekee wapi.

Mdogo wako,
Melkiori